Kurasa Chafu za Sura ya Nne

Jumatano, 6 Novemba 2019

Riwaya ya Adwoba Quaison isisomwe hapa mjini. Kasema Mjomba Kobena Essilfie, mkuu wa ukoo wetu (mjomba wa heshima, si ndugu wa damu wa mama), redioni, saa mbili na dakika kumi asubuhi. Maikrofoni nilimshikia mimi.

Nikamuuliza: ni kwa sababu ya sura ya tisa, watu wanaofungwa ngomeni kungoja meli za watumwa? Hapana, hiyo kila mtu anaijua. Tatizo ni ya nne. "Inafukua," akasema.

Sura ya nne: mwanamke wa kaskazini, alama tatu kila shavu, ananunuliwa kwa chumvi na familia ya hapahapa pwani. Anazaa. Wajukuu wanapewa jina la nyumba; mmoja akifa, ananyimwa ukumbi wake. Basi.

Mjomba alikuwa anakwepa macho yangu. Vizuri.

Ijumaa, 8 Novemba

Maktaba. Nakala mbili. Sura ya tisa kurasa safi kabisa. Ya nne imeingia weusi wa vidole, kurasa mbili zimechomoka.

Wageni wa Marekani, vizazi vya waliouzwa, wanalilia ya tisa. Denise, wa Georgia, kamaliza leso. Watu wetu hawalii. Wanasoma ya nne na kunong'onezana: anamsema nani huyu? Mkutubi kaambiwa nyumba tatu tofauti.

Denise kaniuliza mbona nyinyi hamlii. Nikamwambia tunahesabu majirani. Alidhani natania.

Kesho mjadala wa kitabu, hapohapo. Nauendesha mimi. Mjomba kakubali kuja. Nimemwalika pia Mzee Abaka, msemaji wa chifu. Kiti cha mbele. Nimemwomba aje na fimbo yake; akiwa nayo, analosikia yeye kalisikia chifu.

Sababu naiandika hapa tu. Miaka saba iliyopita mama alikufa. Mjomba alikataa mwili wake ulazwe katika ukumbi wa ukoo kuagwa. Kisingizio: panya. Tukamuaga chini ya turubai, mvua inanyesha. Sababu yenyewe mji mzima uliijua, na yeye hakuitaja. Hawezi. Kumtaja mtu asili yake ni kosa mbele ya chifu, hata ukisema kweli. Hasa ukisema kweli.

Nataka aitaje.

Jumamosi, 9 Novemba

Kaitaja! Saa kumi na moja kasorobo jioni, mbele ya watu sitini na wawili.

Denise ndiye aliyeanza: mababu zako waliuza watu?

"Sisi? Hatujauza hata paka." Kicheko.

Mimi: "Mlinunua?"

"Araba, uliza mambo ya kitabu."

"Sawa, Mjomba. Kitabuni mjukuu ananyimwa ukumbi. Mama yangu naye alinyimwa. Kwa nini?"

"Panya. Nilishakwambia."

"Na dada yako wa damu, aliyelazwa humo wiki iliyofuata? Panya walimpisha?"

Muuza kenkey, kule nyuma na beseni lake la madonge ya mahindi: "Labda walikuwa likizo!"

Watu wakaangua kicheko. Mjomba hajazoea kuchekwa. Akasimama, kidole mbele ya pua yangu.

"Mama yako! Bibi yake alifika hapa na alama tatu shavuni, kanunuliwa kwa magunia mawili ya chumvi. Leo mnataka kulala walipolala wenye nyumba?"

Wageni wakapiga makofi — kwa dhati! Denise akanikumbatia, analia. "Sasa unajua ulikotoka, dada yangu. Mimi ningetoa chochote niambiwe hivyo."

Watu wetu waliziba midomo. Muuza kenkey akabeba beseni lake, akatoka bila kuaga. Mzee Abaka akagonga fimbo sakafuni. Mara moja tu.

Rekodi ninayo, dakika arobaini na nne.

Jumapili, 10 Novemba

Kanisani. Mjomba hakuja. Mimi nilikwenda. Benchi letu lilikuwa na nafasi nyingi; waliozoea kukaa nasi walihamia nyuma.

Alhamisi, 14 Novemba

Mzee Abaka kaja nyumbani. Chifu atasikiliza. Mjomba akipatikana na kosa, atatoa kondoo na atavuliwa ukuu wa ukoo. Nataka nimwone anavyomburura huyo kondoo.

"Lakini anasema alikuwa anasimulia riwaya," kasema mzee.

"Nina rekodi, Mzee."

"Rekodi haishtaki, mwanangu. Lazima mtu asimame mbele ya wote aseme: aliyetajwa ni mimi."

Miaka thelathini nauliza watu maswali. Hili sikulitarajia.

Binti yangu Ewurabena alikuwa jikoni, kasikia yote. Familia ya mchumba wake inakuja kubisha hodi, kumposa rasmi, mwezi ujao.

"Mama, ukisimama wewe, umenisimamisha na mimi."

Nikamwambia bibi yake aliagwa chini ya turubai.

"Najua. Mwavuli niliushika mimi."

Nikatoa nguo nyeusi ya matanga ya mama, nikaipiga pasi. Nilipomaliza Ewurabena akaniomba pasi, akaenda nayo chumbani. Kwapani alikuwa na nguo yake nyeusi ya siku ile.

Shauri ni Jumanne tarehe 19, saa nne asubuhi, uani kwa chifu.