Gari la Baba Limegoma

Gweru, 4 Juni 1989

Kaka Tawona,

Hujambo huko Johannesburg? Huku wazima, ila magoti ya Mama yanamsumbua. Tangu muondoke baada ya kugawana nguo za marehemu Baba, nyumba imepoa mno.

Gari lake limegoma. Stata inazunguka, taa kali, petroli ipo, lakini haliwaki ng'o! Na mara ya mwisho Baba aliliendesha mwenyewe mpaka uani. Mama anasema limemfuata mwenyewe kaburini, na mnunua vyuma chakavu atakuja kulichukua mwisho wa Julai. Mimi sikubali. Wewe umefanya kazi gereji, niambie nianzie wapi. Nataka kujua lina nini.

Mdogo wako,
Rudairo


Johannesburg, 13 Juni

Mdogo wangu,

Salamu tele. Mwambie Mama apumzishe hayo magoti, asijifanye kigori. Baridi ya hapa bila koti la Baba ningeganda, hata kazini silivui.

Chomoa plagi moja, irudishe kwenye waya wake, ilaze juu ya chuma cha injini, mtu apige stata. Utaona cheche? Kama hakuna, chomoa waya mnene wa katikati ya distributa, kile kikopo kinachotoka nyaya zote za plagi, ushike kwa kitambaa kikavu, ncha yake karibu na chuma. Niandikie ulichoona, siyo unachodhani.

Kaka yako,
Tawona


Gweru, 24 Juni

Kaka,

Shikamoo. Mama hajambo, anakusalimu. Weee, mambo matamu! Kwenye plagi, hakuna kitu. Mama alipiga stata huku akilalamika kwamba hataki msiba wa pili. Kwenye waya mnene, cheche ya buluu ikaruka, nikapiga yowe, Mama akatoka garini mbio. Kwa hiyo umeme upo, ila unapotea njiani kabla ya kufika kwenye plagi!

Sikuweza kuvumilia, nikafungua kifuniko cha distributa. Katikati kuna kijiti cha chuma, juu yake hakuna kitu. Ndivyo kinavyokaa?

Mdogo wako,
Rudairo


Johannesburg, 3 Julai

Rudairo,

Habari za nyumbani baadaye. Hakuna kitu? Hapo juu hukaa rota, kidude cheusi cha plastiki, kidogo kama kizibo. Ndiyo inayogawa umeme kwa kila plagi. Haidondoki yenyewe, mtu kaichukua! Baba mdogo Josiya alikuwa akilizungukazunguka gari siku ya mazishi. Kamuulize, na usimchekee.

Kaka yako,
Tawona


Gweru, 12 Julai

Kaka,

U mzima? Umeniponza. Baba mdogo alicheka mpaka akakaa chini, kisha akanuna. "Yaani mimi mwizi wa kiplastiki?" Halafu akaniuliza, "Baba yako akirudi jioni alikuwa anafanya nini kwanza?"

Nikakumbuka. Alikuwa anafungua boneti, anaingiza mkono. Sisi tukisema analiaga gari lake. Kumbe alikuwa anang'oa rota ili wezi wasiliwashe, anaitia mfukoni! Mama naye anasema mfuko wa ndani wa koti ulitoboka, na Baba alikataa ushonwe.

Vua koti, Kaka. Papasa pindo la chini, ndani ya bitana. Mtu wa vyuma anakuja tarehe thelathini.

Mdogo wako,
Rudairo


Gweru, 28 Julai

Kaka yangu,

Natumai hujambo, maana hukuandika hata salamu. Dereva wa basi kanipa kifurushi, nimekuta rota na nyuzi za bitana. Aibu imekukaba, eti? Muda wote unasaka mwizi na umelivaa koti lenye rota! Baba mdogo anasubiri barua yake ya kuombwa radhi.

Niliipachika leo jioni, Mama akiwa jikoni anasonga sadza. Sikumwambia. Nikawasha mara moja tu, likaunguruma.

Mama akatoka mbio, na magoti yake yale, mikono ina unga, akaenda moja kwa moja kufungua geti. Kaka, si unakumbuka alivyokuwa akimfungulia Baba kila jioni? Akasimama ameshika geti, anaangalia barabarani. Kisha akageuka, akaniona mimi kwenye usukani.

Nikashika ufunguo nizime.

"Usizime," akasema. Alikuwa analia, mara ya kwanza tangu mazishi. "Acha kwanza lisikike. Na yule wa vyuma mwambie asije."

Mdogo wako,
Rudairo