Alimentasio Yako Haitoki Kimanga

Mapendo, mwanangu unayebeba jina la mama yangu,

Barua hii naiacha wazi. Wanaovuka kwenda Burundi wataisoma wakipenda, na atakayekukuta huko akuambie: ateliye yako ya kazi hapa Kimanga iko wazi, na alimentasio yako, ile mashini ya kulisha umeme, iko juu ya meza palepale ulipoiacha. Baba mudogo wako alitaka kuichukua. Nimekatala.

Lakini ngoja kwanza. Umekula? Miguu haikusumbui tena? Tangu siku watu walikimbia vita na tukapotezana barabarani, kila asubuhi nauliza hivyo, ata kama hakuna wa kunijibu.

Unakumbuka vile niliogopa ile mashini? Nilikuwa nakaanga mandazi mbele ya mulango, weye ndani unatengeneza moto za watu, zile pikipiki, na kila wakati nachungulia kama umeme haujakukamata. Ulinicheka. Ulisema ni ya kupimia tu, inachukua umeme wa ukutani na kuutoa polepole, kwa kiasi unachotaka, na namba zinaonekana usoni pake.

Kisha siku ile ulikuwa unapima rele, kile kiswichi kinachopeleka umeme kwa demarere, ile inayostua injini ya moto. Uligusisha waya, ikalia ta. Ukaondoa, ukagusisha tena, ta. Gafula namba zikapotea, na harufu ya kuungua ikafika mpaka kwenye mafuta yangu. Nilikimbia nikakushika mikono yote miwili, naigeuza, natafuta kidonda.

“Mama, minye niko muzima,” ukasema. “Mashini ndiyo amekufa.”

Nilikuuliza, kitu kinacholishwa kinaweza aje kuua mwenye kukilisha? Ukaniuliza na weye: nikiwa nashuka mulima mbio, kitunga cha mihogo kichwani, nikisimama gafula, kitunga nacho kitasimama? Nikasema hapana, kitaenda mbele na kuanguka. Ukasema bobine ya rele, ule waya uliozungushwa mara nyingi ndani yake, iko vile vile. Ukiikata gafula, umeme uliokuwa unatembea ndani haukubali kusimama. Unaruka kwa nguvu kubwa, unampiga mashini aliyekuwa anautuma.

Uliifungua, ukatafuta kipande ndani ya radio mbovu, ikafufuka. Ndipo ukanionyesha diode, kadude keusi kenye mustari mweupe upande mumoja. Unakafunga kwenye miguu miwili ya bobine, mustari ukiangalia waya mwekundu. Umeme wa mashini ukija, unakuta hapo mulango umefungwa, unapita kwenye bobine. Ukikatwa, ule uliobaki ndani ya bobine unafunguliwa mulango huo, unazunguka humo humo mpaka unachoka. Ukaweka diode ingine kwenye mudomo wa mashini yenyewe, juu ya siku ambayo muntu atasahau ile ya kwanza. Nilisema, mwanangu ananirithi woga. Tukacheka mpaka mandazi yakaungua.

Sasa sikia. Baba mudogo alifika kutoka Bwegera na mufuko mutupu kwapani. Aliniambia weye umeshakwenda, utaolewa hukohuko, na mashini inaoza bure wakati yeye ana garaji. Alitaka kwanza kuijaribu, aone kama bado iko muzima. Akatoa rele mufukoni, akashika waya.

Nilisimama kati yake na meza. Nikamwambia aweke diode kwanza.

“Mama Mapendo,” akacheka, “weye wa mandazi, nani alikufundisha hayo?”

“Yule unayekuja kugawa vitu vyake.”

Hakucheka tena. Akasema mimi ninamukatalia shemeji juu ya kadude sawa punje ya muchele, na kwamba kwao aibu hiyo haijaonekana. Nikajibu aibu nitaibeba mimi, yeye aweke ama aondoke.

Akaweka. Niliinama nikaangalia mustari, ukawa umeelekea waya mwekundu. Ta. Ta. Ta. Namba hazikutikisika.

Ndipo akaanza kukunja waya aingize mashini mufukoni. Nikaweka mukono juu ya mashini.

“Shemeji, leta rele zote za Bwegera, tutazipima hapa. Lakini hii haitoki.”

Akanishauri kwa upole sasa, na upole wake ndio uliniumiza. Kata, akasema. Kata mawazo ya huyo mutoto, utakonda bure. Majirani nao wanasema vile. Kata.

Sikati. Nilikubeba mugongoni nikishuka na kitunga, leo wanasema nisimame gafula, na wanataka nisianguke. Nitaendelea kutembea. Nafungua asubuhi, nakaanga, wenye moto wanaingia na rele zao, wanazipima wenyewe, na kila mumoja lazima aniletee diode nione mustari. Wengine wananisonya. Wasonye. Baba mudogo mwenyewe alirudi juzi na rele mbili, akaketi kwenye benchi nje na kungoja zamu kama watu wote. Nikamupa andazi.

Meza nafuta kila siku. Kiti chako sikifuti na hakuna anayekikalia. Vumbi lile ni lako, utakuja kulipangusa na nguo yako mwenyewe, na nitakugombeza juu ya nguo.

Mungu akushike mukono huko uliko. Kula.

Mimi mama yako, niko mulangoni.