Kiti cha Wifi

Kaka Abdu,

Wamekuja kuliomba gari lako. Ndiyo, hao hao. Mzee Madi mbele na fimbo yake, Kombo nyuma yake kainamisha uso kama bwana harusi, na wale wawili uliokuwa ukiwaita mapambo ya mkutano. Waliketi barazani kwangu hapa Patsy, nikawapa chai kwa sababu Mama alitulea vizuri. Sukari niliitia kidogo makusudi.

Wanasema mashindano yamepooza. Mwaka huu magari yalipanda kutoka bandarini Mutsamudu mpaka uwanja wetu kama kawaida, Kombo akashinda na Peugeot yake, watu wakatazamana, kisha kila mtu akarudi kwake. Mwanamke mmoja aliuliza kwa sauti, tena Kombo yupo palepale, "Kwani kamshinda nani?" Ningekuwa katika hali nyingine ningecheka mpaka nikae chini.

Basi sasa wanamtaka Wifi arudi barabarani. Hata wazee wanamwita hivyo siku hizi, jina nililompa mimi kwa hasira, kwa kuwa ulikataa kila binti niliyekutafutia, na kila ulichopata ukakipeleka kwenye ile Renault. Nikasema haya, huyu ndiye mke wa kaka yangu, huyu ndiye wifi yangu, na ni mvivu wa kupika. Ulicheka ukiwa umelala chini yake, miguu tu ndiyo iliyoonekana.

Unakumbuka alivyofika? Ulimnunua Moroni, katika ua wa mfanyabiashara wa karafuu, akiwa mkweche, akaletwa kwa meli. Winchi ilipomshusha bandarini, wapagazi waliacha kazi kumtazama. Mmoja akasema, "Watu wa Majunga wameleta banda la kuku." Tulikuwa bado tunaitwa watu wa Majunga, ingawa Mama alizaliwa hapahapa. Tulirudi na roho zetu tu baada ya watu wetu kuuawa kule Majunga, ng'ambo ya bahari, na kwao tulikuwa wageni waliojifunza lugha vibaya. Ulimzunguka Wifi, ukaona kwamba kiti cha abiria hakipo, kimebaki Moroni, ukasema, "Afadhali. Mwepesi."

Kwa neno hilo moja, kaka, ndipo balaa lilipoanzia.

Maana wewe hukuiba kitu. Ulitoa tu. Ulitoa milango ya nyuma, ukatoa mabati yasiyo na kazi, ukabadilisha meno ya gia uliyoyachonga kwa mkono kama ulivyofundishwa Majunga, na kile kiti hukukirudisha. Mwaka wa kwanza ulipofika uwanjani Patsy wenzako bado wako kwenye kona za chini, kijiji kizima kilikubeba. Mwaka wa pili walikupigia makofi. Mwaka wa tatu walianza kuulizana kanuni.

Na kanuni ilikuwa moja tu, ya siku zile madereva wa teksi walipoanza kushindana wenyewe kwa wenyewe: gari liwe la kazi, lipande na abiria wake. Abiria wako alikaa juu ya gunia. Kombo akasema gari lisilo na kiti si gari la abiria. Wengine wakasema gunia ni kiti, mbona mabibi zetu wamekalia magunia maisha yao yote. Walibishana wiki nzima. Mwishowe wakaamua ubebe mawe kufidia uzito. Ukasema sawa. Ulibeba mawe, ukashinda. Wakasema uanze wa mwisho. Ukasema sawa. Ukaanza wa mwisho, ukawapita mmoja mmoja, na yule wa mbele ukampungia mkono. Hapo ulikosea adabu kidogo, nilikwambia.

Mpaka hapo ulikuwa ugomvi wa watu wazima wenye wivu, na ungekwisha. Kilichokumaliza ni ile sigara.

Siku ya uhuru walikuja kutoka Moroni wale wazungu wa nguo nyeusi, mamluki waliokuwa wakimlinda rais, au rais akiwalinda wao, sikuwahi kujua. Walisimama uwanjani na bunduki zao kutazama mashindano. Ulipofika wa kwanza, mmoja wao alikuja mpaka garini, akakuwekea mkono begani kama mtu anayekufahamu, akakupa sigara. Wewe huvuti. Uliichukua, ukaichomeka sikioni. Ungefanya nini? Ungemwambia sitaki, mbele ya bunduki? Lakini nilikuwa nimesimama na wanawake, nikaona nyuso zinavyogeuka. Ghafla watu wote walijua kwa nini Wifi ana mbio. Injini ni ya wazungu. Mtu wa Majunga kapewa injini na wazungu, na Mungu anajua naye kawapa nini.

Hakuna aliyelisema. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Wakati ule nani angelisema? Watu walichukuliwa kwa maneno madogo kuliko hayo. Kwa hiyo wazee walipokaa kukuhukumu, walizungumza juu ya kiti. Walizungumza juu ya mawe, juu ya haki ya madereva wengine, juu ya mila ya mashindano. Asubuhi nzima, kiti, kiti, kiti. Na wewe ukawa huna pa kujitetea, kwa sababu shtaka lenyewe halikutajwa.

Ukafanya jambo ambalo sijaona mtu mwingine akilifanya. Ulitandika mkeka wa Mama uwanjani, ukaishusha injini, ukaifungua kipande kwa kipande, ukavipanga vyote juu ya mkeka kama mama anayeuza ndizi. Ukasema, "Njooni mtazame. Anayejua injini na asiyejua, njooni." Ukakaa pembeni ukisubiri. Na hakuna aliyekuja. Maana kuja kutazama ni kukiri unatafuta kitu, na kitu chenyewe hakitajiki. Watu walipita kando wakitazama miguu yao. Kombo alipita. Ilipofika alasiri ulianza kukusanya vipande, nami nikaja kukusaidia, tukafuta kimoja kimoja kwa upande wa leso yangu. Masikio yako yalikuwa mekundu.

Hukumu nayo unaijua. Mtu akikosea sana hutengwa na kijiji. Wao hawakuwa na ujasiri wa kukutenga wewe, wakalitenga gari. Nilidhani ni mzaha. Gari kutengwa kama mwanadamu! Asiuziwe tairi, asisukumwe akikwama, anayempanda asisalimiwe, na nyumba ya anayempanda isiingiwe na mtu, kwa harusi wala kwa msiba, mpaka mwenyewe asimame mbele ya wazee aseme, "Nimekosa, nisameheni." Wewe uliwajibu kwa upole kwamba hukumu umeipokea, ila maneno hayo huyawezi kwa sababu si kweli. Ukampeleka Wifi nyuma ya jiko langu na mawe yao ndani, ukamfunika kwa makuti. Vijana waliokuwa wakikukimbilia kukuamkia kwa "kwezi" ya heshima, nawe ukiwaitikia "mbona" kwa madaha yako yale, walianza kukupita kimya hata ukiwa kwa miguu, kwa tahadhari tu.

Sasa nifike kwenye Ijumaa ile. Nimekuwa nikiizunguka.

Tumbo lilikuanza alfajiri, na mpaka karibu na saa ya sala ulikuwa umekunjana kitandani, jasho linakutoka, midomo imepauka. Wanaume wote wapo msikitini. Teksi hakuna. Nikachukua ufunguo. Ulikuwa umenifundisha kuendesha kule juu kwenye mashamba ya mlangilangi, na wewe ndiwe pekee uliyejua naweza. Nilisema, "Inuka, Wifi anatushusha hospitali."

Ukasema, "Simpandi."

Nilikuomba, kaka. Nilikutukana pia, nadhani unakumbuka. Ulinishika mkono ukaniambia, "Echati, harusi ya mwanao Nuriati ni wiki ijayo. Ukimpanda leo, nani atakanyaga nyumba hii?" Nyumba ilikuwa imejaa mchele na kuni, wanawake wamekwisha gawana kazi. Ulilifikiria hilo na tumbo lako linapasuka. Kisha ukajaribu kucheka: "Na huyu wifi yako hana hata kiti cha kunikalisha." Tukasubiri teksi. Ilikuja baada ya sala, ikashuka imejaa watu wanaotaka kushuka kila kona. Daktari alisema tumechelewa. Hakusema kwa ukali, alisema tu, akaenda kunawa mikono.

Nuriati aliolewa baada ya arobaini yako. Walikuja wote, Abdu. Walikula, wakaimba, wakasifu pilau. Nilitazama kila uso uliokuwa ukitafuna nikajua mlo ule umegharimiwa na nini. Nimekukasirikia sana. Nimekuombea kila siku, na nimekukasirikia kila siku, na bado sijui kama Mungu hupokea dua za namna hiyo.

Mambo yamebadilika. Wale wazungu wameondoka, na tangu waondoke watu wote wamekuwa mashujaa, kila mmoja anasimulia jinsi alivyowachukia. Ndipo ndimi nazo zikafunguka. Mzee Madi, pale barazani, alikunywa chai yangu ya sukari kidogo akasema, "Binti yangu, tulidhani injini ni ya wale." Basi. Amelisema, kana kwamba ananiambia mvua inakuja. Akaendelea kwamba kutengwa kutaondolewa, ila mila ni mila, lazima mtu wa nyumba hii atamke yale maneno kwa niaba yako. Maneno tu, akasema. Nimekosa, nisameheni. Halafu Kombo ampandishe Wifi mashindano yajayo, kwa heshima yako.

Niliwaambia nitafikiri. Nikapanda meli kwenda Moroni kumwona Nuriati, na huko miguu yenyewe ilinipeleka mpaka ua wa yule mfanyabiashara wa karafuu. Naye pia amefariki, ila mjane wake yupo. Nilipomtajia Renault alipiga kofi. "Ile ya mume wangu! Ilikuwa ikimtupa kila kona. Injini ile ilikuwa na wazimu tangu mpya." Kisha akaninyooshea kidole kwenye kona ya ua, chini ya bati. Kiti kilikuwa palepale, Abdu. Kuku alikuwa ametagia ndani yake. Tulimwondoa kuku kwa heshima zote, mjane akakataa nisimpe kitu, nikarudi na kiti Mutsamudu melini nikiwa nimekikalia, maana abiria walikuwa wengi na nafasi hakuna. Wapagazi walinitazama. Safari hii mmoja alinisaidia kukishusha.

Nimekifunga mwenyewe, kimekaa upande kidogo. Mawe yao nimeyatoa, na matatu yaliyo mazuri nimeyafanya mafiga. Yanafaa, hayapasuki.

Jana asubuhi nilibandika wali juu ya mafiga hayo. Nikatia maji, nikafunika, nikachukua ufunguo. Sikuwa nimepanga. Wifi alikohoa sana, kisha akawaka, nikatoka naye mbele ya uwanja, wazee wamekaa, na hakuna aliyenisalimia wala mimi sikutaka salamu. Nilishuka taratibu, si kama wewe. Kona nyingine nilisimama kabisa kwa woga. Nilifika mlango wa hospitali, nikakaa nimeshika usukani, nikakitazama kile kiti kitupu. Nikageuza, nikapanda.

Nilipofunua sufuria, wali ulikuwa bado una maji.

Kaka, wali ulikuwa bado una maji. Kwenda hospitali na kurudi, kwa uendeshaji wangu huu, kabla wali haujaiva. Nilikaa chini jikoni nikalia kama siku ile, na wali ukaungua.

Jioni walikuja kuchukua jibu. Niliwaambia maneno yao sitayatamka, si kwa niaba yako wala yangu. Wifi hashindani tena. Atakayeumwa Patsy, awe nani, aje apige hodi kwangu saa yoyote, nami nitamshusha, na kama wanataka kunitenga basi waanze na mimi, nyumba hii haina tena binti wa kuoza. Mzee Madi alitazama fimbo yake. Kombo alikuwa amesimama karibu na gari, ameweka mkono juu ya kile kiti. Akauliza, bila kugeuka, "Hata mimi nikiumwa?"

Kwanza niliingia jikoni kuisugua ile sufuria iliyoungua, kisha nikatoka. Wewe ungemjibu upesi, najua, ndiyo maana nakuandikia, ili usikie kwamba nilimjibu. Nilimwambia hata yeye. Ila nilikwambia wewe moyoni kwamba siku hiyo nitaendesha huku nalia.

Mola akulaze pasipo na maumivu, kaka yangu, mimi nakuaga hapa kwa sababu karatasi imelowa. Hiyo ndiyo ahadi yangu, na nitaishika nikiwa na nguvu za kushika usukani. Mlango wa mbele wa Wifi sifungi. Kiti kipo.

Mdogo wako,
Echati