Utando wa Maziwa ya Baba Mkwe

Shangazi Nyamizi mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako kabla mtu hajafa. Mume wangu Cornel ni mchimbaji wa dhahabu huku upande wa Masumbwe, na huko mashimoni alipata chupa ya mafuta ya bangi akaniambia niyatie kwenye maziwa ninayowauzia wenzake, eti yanaondoa maumivu ya mgongo, nami nikakubali, nikafundishwa kuyapiga kwanza na kiini cha yai kisha kuyamimina kidogo kidogo huku natikisa kibuyu, mpaka mafuta yanapotelea ndani na kila kikombe kinakuwa sawa na kingine. Basi kuku wangu wakaisha kwa ugonjwa wa kideri, mayai hakuna, nikawa natikisa hivyo hivyo tu na kukiacha kibuyu ndani, kumbe mafuta yanapanda juu yanakaa kwenye utando, na kwetu Shangazi utando wa juu ni wa mzee wa nyumba, hivyo kila siku nilikuwa nauengua nampelekea baba mkwe, Mzee Thobias, nimepiga magoti kwa heshima zote.

Sasa mzee anakaa zizini mchana kweupe akiwaita kwa majina ng'ombe waliokufa kabla sijaolewa, ananyamaza kama anayesikiliza, kisha anaitikia. Anasema jirani yetu mjane, Mama Masalu, anaingia chumbani kwake bila kufungua mlango, na ukoo wote umesadiki kwamba ni mchawi. Mimi nilikuja kuelewa siku nilipolamba mwiko ninaoengulia utando, maana kabla ya adhuhuri ndama aliniita jina langu la utotoni, kwa sauti ya marehemu mama. Nikaacha kumpa mzee utando, nikadanganya kwamba ng'ombe wamepunguza maziwa, wakasema hilo nalo ni kazi ya Mama Masalu.

Jana nimekuta mtu amemmwagia Mama Masalu majivu mlangoni, kama alama ya mchawi. Mashemeji zangu wakipita hapo hawaongei. Mwenyewe alinishika mkono kisimani akaniuliza, "Mayu, mama, siku hizi kwenu hamuitikii salamu yangu. Nimewakosea nini?" Nikajitwika ndoo yangu nikaondoka. Nikisema ukweli Cornel atafungwa, mimi nitarudishwa kwetu. Nifanyeje?

Mkwe mwenye hofu

Marahaba, mwanangu. Barua yako imenisisimua mwili, na nakuhurumia kwa sababu hukukusudia kumlewesha mzee. Lakini mtu mzima anakuuliza kosa lake, nawe unajua hana, halafu unajitwika ndoo unaondoka? Hapo umeniudhi sana. Na hao wachimbaji unaowanywesha bangi ndio wanaoshuka shimoni, au hilo hukulifikiria?

Acha habari za kurudishwa kwenu. Ukirudishwa utafika mzima.

Mtoe Mama Masalu hapo leo, jua likingali juu. Mpeleke polisi, na ukifika useme yote, bangi ikiwemo. Ndiyo, ni kosa la jinai na mtaulizwa, wewe na mumeo. Mtajibu. Mzee naye apelekwe kituo cha afya na daktari aambiwe alichokunywa, asije akatibiwa kitu kingine. Mama wa watu akishakuwa salama, ndipo uwaombe polisi waje nawe nyumbani na maziwa hayo kwenye glasi. Wenye ukoo wakae wayatazame mpaka mafuta yapande yenyewe. Usibishane nao kuhusu uchawi, maana huwezi kuwashinda kwa maneno, na wewe mwenyewe umesikia ndama akisema.

Nimeisoma barua hii hewani kabla ya zamu yake kwa sababu nilitaka kumpigia simu mtendaji wa kijiji chenu, nikashindwa. Nimeigeuza bahasha nikatafuta. Hukuandika kijiji wala namba ya simu, na jina la huyo mama nahisi umelibadili. Kwa hiyo wanaojua anapokaa ni wewe na hao wanaomtaka. Wahi wewe.