Hita ya Papa Jules

Jumatatu, 8 Julai

Maji ya moto kwenye gesi, kitambaa, miguu ya Mama. Kila asubuhi hivyo kabla sijaenda saluni. Leo miguu yake ilikuwa baridi kama samaki wa barafu. Nimeisugua mpaka mikono ikachoka, nikamvalisha soksi juu ya soksi.

Wanasema theluji imeanguka milimani na upepo umelaza nguzo za umeme. Durban haijui baridi ya namna hii. Hizi nyumba za zamani za mtaa wetu wa Glenwood zina madirisha makubwa ya mbao zilizopinda, upepo unaingia kama una ufunguo. Watu wote wamewasha hita kwa pamoja, mtaa mzima ukazimika. Umeme unarudi kidogo, unaondoka tena.

Mama hawezi kukaa bila umeme. Alipikia kuni kule Bukavu maisha yake yote, mapafu yakachoka. Hospitali ilimpa mashine ya oksijeni, na mrija wa puani. Mtungi mdogo upo kwa dharura tu. Vikikosekana vyote viwili, anahema kama mtu anayepanda mlima na mzigo, hata akiwa ameketi.

Jenereta iko, Mungu asifiwe. Mwenye nyumba aliiweka uani kwa ajili ya wapangaji wote, ufunguo akamwachia Papa Jules wa chumba cha mbele. Mkongo mwenzetu, mtu wa Lubumbashi. Yeye anawasha, yeye anagawa waya. Waya wa kwanza ni wa Mama. Tulikubaliana hivyo uani, wote tumesimama, na yeye akiitikia kwa kichwa.

Jumanne, 9 Julai

Umeme hakuna tangu alfajiri. Jenereta inanguruma, mashine inafanya kazi. Mama amemaliza uji. Saluni giza, nimesukia wateja dirishani, vidole vimekufa ganzi. Nimechoka. Basi.

Jumatano, 10 Julai

Naandika kwenye benchi la hospitali.

Niliposhuka kwenye taxi pale kwenye robot, taa za kuongoza magari, nilisikia jenereta yetu kutoka barabarani. Nikafurahi. Nikafungua mlango. Mama alikuwa chini sakafuni, ameshika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili, midomo imegeuka rangi. Mashine kimya. Mtungi aliufungua mwenyewe na umekwisha. Hakuita mtu. Angeita kwa pumzi gani?

Nikakimbia uani. Jenereta inafanya kazi vizuri kabisa. Waya wetu umechomolewa, umekunjwa mviringo, umewekwa juu ya ndoo. Umekunjwa! Aliyeuchomoa hakuwa na haraka.

Papa Jules akatoka mlangoni kwake na fulana nyepesi.

"Dada Nabintu, jenereta ilizidiwa. Nilitoa waya kidogo tu, ipumuzike."

"Ukatoa wa Mama?"

"Lakini dada, kila mutu iko anasikia baridi."

Wanjiku, mwanafunzi Mkenya wa chumba cha juu, alikwishakimbilia barabarani kusimamisha gari. Tukambeba Mama ndani ya blanketi. Alikuwa mwepesi. Hilo limeniogopesha kuliko midomo.

Alhamisi, 11 Julai

Yuko hai. Daktari amesema tungechelewa kidogo tu, tungekuwa tunazungumza mengine.

Wanjiku alikuja na chai kwenye chupa. Alimimina, akanipa, akaanza kuangalia viatu vyake. Nikajua ana neno. Akasema jana mchana, stima, yaani umeme, ikiwa imepotea, alienda kumwomba Papa Jules kiberiti. Mlango ulipofunguka joto likampiga usoni. Hita ya umeme katikati ya chumba, nyekundu. Mbele ya hita kiti, na juu ya kiti ameanika soksi.

"Sikujua ametoa waya wenu ili aiwashe, dada. Ningejua ningepiga kelele."

Nilimwambia hana kosa. Hana.

Lakini soksi. Mama yangu anatambaa sakafuni akitafuta hewa, ukuta wa pili mtu anakausha soksi. Ile fulana nyepesi sasa naielewa. Alikuwa amepata joto mpaka limemzidi.

Namchukia. Nimeandika ili nione neno linavyokaa kwenye karatasi. Linakaa vizuri.

Ijumaa, 12 Julai

Nilirudi nyumbani kuchukua nguo za Mama. Papa Jules alikuwa uani anajaza petroli. Nikamwambia najua habari ya hita. Hakukana. Hakuomba radhi pia.

"Kwani mama amekufa? Hajakufa. Sasa makelele ya nini?"

Nikaliangalia dumu la petroli mkononi mwake, nikaangalia mlango wake, nikawaza jambo ambalo sitaliandika. Kisha nikaondoka haraka kabla halijakomaa.

Lakini halikuondoka, lilibadilisha nguo tu. Kwenye stendi ya taxi mjini kuna Mzulu mmoja anayewapanga abiria kwenye foleni, dada yake husuka kwangu. Aliona uso wangu akauliza. Nikamweleza yote. Akasema, "Eish, sisi," ndivyo Wazulu wanavyomwita dada, "nionyeshe chumba tu. Chumba tu." Hakuwa anatania. Mgeni akipigwa katika mji huu hakuna anayeuliza sana. Mimi ni mgeni pia, najua.

Nikasema nitamjibu.

Njia nzima ya hospitali nilikuwa na furaha. Nilimwona Papa Jules amelala uani, mkono umekunjwa vibaya, akihema kwa shida, na mimi nampita na ndoo yangu ya maji. Nilitabasamu peke yangu ndani ya taxi. Sioni haya.

Jumamosi, 13 Julai

Wamemrudisha Mama. Kitanda kinahitajika, baridi imejaza wodi. Wamenipa mtungi mpya. Waya niliuchomeka mimi mwenyewe na nikausimamia. Papa Jules alipita mbali.

Nilimweleza Mama kila kitu. Hita, soksi, yule mtu wa stendi. Kisha akashika mkono wangu.

"Usimutume mutu. Yule ni wangu."

Nilidhani ni msamaha. Nikakasirika naye pia. Nilitoka nje nikaosha sufuria ambayo ilikuwa safi. Mwaka wote anasali, sasa atamwombea huyu mshenzi na mimi nitatakiwa niseme amina!

Sikumwelewa.

Jumapili, 14 Julai

Lazima niandike kwa utaratibu.

Umeme ulikatika mchana, tumetoka kula. Jenereta ikawashwa, mashine ikaendelea. Mama akasema, "Zima mashine."

"Mama?"

"Zima. Umwite Jules."

Aliniapisha kabla sijatoka. Nisimame kwenye mtungi, nisiufungue mpaka ainue kidole. Nikaapa, nikazima mashine. Sijui kwa nini niliapa. Najua. Nilitaka kuona.

Papa Jules alikuja amevua kofia. Nadhani alifikiri ni mambo ya kupatana. Mama akamwonyesha kigoda karibu na kitanda, akamshika kifundo cha mkono, akautoa mrija puani na mkono ule mwingine.

"Siku ile haukuona," alisema. "Leo uone."

Basi akanyamaza, akapumua. Mwanzo kawaida. Kisha mabega yakaanza kupanda na kushuka. Kisha shingo ikaingia ndani, mishipa ikasimama. Sauti ile. Kama mtu anakokota mfuko wa mchanga juu ya saruji. Papa Jules akacheka kidogo, cheko la woga. Akasema, "Mama, rudisha mrija." Akanigeukia. "Dada, mufungulie."

Mkono wangu ulikuwa kwenye mtungi. Sikuufungua.

Kucha za Mama zikabadilika rangi juu ya mkono wake. Macho hayakumwacha. Papa Jules akanyanyuka nusu. Angeweza kujivuta, mkono wa Mama ni mfupa mtupu. Hakujivuta. Akaketi tena.

"Nilikuwa na hita," akasema. Hakuna aliyemwuliza. "Nilikuwa na hita, Mama. Nilijua waya ni wako. Nilisema mutungi uko. Nilisema utatosha."

Akalia. Mtu mzima, kamasi mpaka kidevuni. Nami nilikuwa naona utamu, naandika hivyo hivyo, utamu mdomoni. Na wakati uleule nilikuwa namwona mama yangu anakufa kwa ajili ya utamu huo. Nikasema, "Mama, basi." Akatikisa kichwa. Nikasema tena, nikipiga kelele.

Kidole kikainuka.

Nilifungua mtungi mpaka mwisho. Nilimrudishia mrija. Pumzi ilirudi polepole, rangi ikarudi. Papa Jules alikuwa bado ameketi, mkono wake bado umeshikwa. Mama alipopata sauti alimwuliza kwa upole kabisa, kama anauliza habari za watoto:

"Soksi zilikauka?"

Ndipo akamwachia.

Jumatatu, 15 Julai

Nimemgombeza Mama kama mtoto. Ungekufa. Ungeniacha na nani? Amesikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba supu.

Yule mtu wa stendi aliuliza habari ya chumba. Nilimwambia yamekwisha. "Sharp," akasema, yaani sawa, akaendelea na foleni yake. Ni rahisi hivyo. Sikumwokoa Papa Jules kwa huruma. Nilimwokoa kwa sababu Mama alikwisha kumchukua.

Hita iko nje kwenye ukuta wa barabara. Papa Jules ameitoa mwenyewe. Hakuna aliyeigusa siku nzima. Katika baridi hii!

Jioni mchungaji alikuja kutuambia tusamehe. Mama alijifanya amelala. Alikoroma hata. Mama hakoromi.

Ijumaa, 19 Julai

Upepo umekwisha. Jua dogo dirishani, Mama ameliwekea miguu. Nguzo bado zinatengenezwa, umeme unakuja na kwenda.

Ulikatika tena mchana. Sikupata hata nafasi ya kusimama. Jenereta ikawaka, taa ya mashine ikarudi, kisha nikasikia hatua. Papa Jules alibisha mlango, akaingia, akainama kuangalia taa ile ya kijani. Kisha akaketi kwenye kigoda. Ni hivyo kila siku tangu Jumapili. Hatumwiti. Anakaa mpaka umeme wa mji urudi, mikono juu ya magoti, anasikiliza Mama akipumua.

Mama hakumsalimu. Mimi pia sikumsalimu.

Chai ilikuwa tayari, ya tangawizi, nyumba nzima inanukia. Nilimimina vikombe viwili. Kimoja nikampa Mama, kimoja nikanywa mimi.