Kibuyu cha Harusi Yako

Chebet, mjukuu wangu,

Chamgei! Hapa Silibwet tu wazima, na ng'ombe amezaa. Unauliza kama kibuyu nilichokutumia huko ng'ambo kitafika kabla ya harusi. Hata mimi situlii. Usiwaamini wanaokuahidi siku: ndege ina haraka, forodha haina.

Nikiwa msichana, mama alimtumia kaka yangu huko ng'ambo kibuyu cha harusi yake, kilichojaa mursik, maziwa yetu ya mgando. Watu wa forodha waliona maziwa yenye masizi ya mkaa, wakakizuia.

Kaka akapiga simu: "Mama, wanasema ni sumu!"

"Waambie waonje kwanza!"

Kilimfikia ameshaoa, kimeoshwa kwa sabuni.

Chako nimekituma kitupu. Maziwa tafuta huko. Kikichelewa, kunyweni kwa kikombe, na atakayecheka mpe namba yangu.

Nyanya yako