Siku Niliyoanguka Migombani

Kaisho, Alhamisi

Mwanangu Noela,

Hapa maharage yamekomaa, na ng'ombe amezaa. Mimi nimemaliza dozi ya nne ya dawa za saratani. Kila ninachokula kina ladha ya chuma, na misuli ya mapaja imekwisha.

Jumanne nilianguka migombani nikashindwa kuinuka. Baba yako akaja mbio kunibeba, nikamkataza: "Niache. Muuguzi alisema nitumie miguu yangu."

Akaketi chini kando yangu, akanisubiri. Mara ya tatu nikasimama, nimemshika bega. Tulirudi nyumbani taratibu, akanikaangia mayai mwenyewe. Yalikuwa na chumvi nyingi, lakini niliyamaliza.

Usimwambie nimekuandikia kwamba alilia.

Ni mimi mama yako,
Avelina